Kitendawili Kisicho na Jawabu: Ugumu, Kosa na Amana katika Mchezo wa Jet Set Willy

Utangulizi

Swali linalojadiliwa katika makala haya ni kongwe katika taaluma ya maadili na katika uhakiki wa fasihi vilevile: je, mtunzi ana haki gani juu ya taabu ya yule anayeipokea kazi yake? Kazi ngumu humtaka msomaji, msikilizaji au mchezaji atoe muda, akili na subira yake, na aghalabu humtaka avitoe kabla ya kujua kama kuna chochote cha kupata. Pale ambapo ugumu huo unaelekea mahali, taabu hugeuka kuwa elimu au raha. Lakini pale ambapo hauelekei popote kwa sababu mtunzi alikosea, kisha kosa lenyewe likavishwa joho la mtihani, hutokea dhuluma ya aina ya pekee. Kusudi la makala haya ni kuitambua dhuluma hiyo na kuonyesha kwamba mapokeo ya Waswahili yana kipimo cha kuipimia.

Mfano unaochunguzwa hapa si riwaya wala utenzi, bali ni mchezo wa kompyuta. Nao ni Jet Set Willy, uliotungwa na Mwingereza Matthew Smith na kutolewa na kampuni ya Software Projects ya Liverpool mwaka 1984 kwa ajili ya ZX Spectrum, mojawapo ya kompyuta za nyumbani zilizoenea sana Uingereza katika miaka hiyo. Yamkini baadhi ya wasomaji wataona ajabu kwamba kazi ya namna hiyo inaletwa mbele ya baraza la wahakiki. Sababu ya kuichagua ni nyepesi. Katika fasihi, ubishi kuhusu kama ugumu wa kazi fulani ni kina au ni udhaifu haumaliziki, maana kila upande una lake la kusema. Katika mchezo huu kosa linathibitika pasi na shaka: lilipo panajulikana, lilivyotenda panajulikana, na maneno yaliyotumiwa kulificha yanajulikana. Ni nadra mhakiki kupewa ushahidi ulio wazi kiasi hicho.

Mahali panaposomewa mchezo huu ni Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, ng'ambo ya Makupa. Changamwe si mahali pa starehe kwa sifa zake za kihistoria. Ni mtaa wa reli, malori na viwanda. Ndipo palipokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kilichoanza kazi mwaka 1963 na kusimamisha usafishaji mwaka 2013. Ndipo lilipo soko la ushirika wa wachongaji wa Kikamba. Na ndipo vijana wa Magongo, Chaani na Port Reitz wanapokulia wakisikia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo mchezo huo wa zamani huchezwa hata kwenye simu, kwa programu zinazoiga mwenendo wa mashine ile ya 1982. Kwa hiyo si jambo lisilowezekana kwa mtu wa Changamwe kuuchezea kitandani pake na kujikuta, bila kutarajia, mbele ya swali la kimaadili. Makala haya yatasema mwishoni kwa nini swali hilo lina uzito wa pekee kwa mtu wa huko.

Ugumu ulio wa haki

Haiwezekani kuuelewa mchezo wa pili bila kuutaja ule wa kwanza. Mwaka 1983, akiwa bado kijana mdogo, Smith alitoa Manic Miner, mchezo wa kuruka majukwaa wenye mapango 20. Mhusika wake, mchimba madini aitwaye Willy, hutakiwa kuokota vitu vyote vilivyomo pangoni na kuufikia mlango kabla hewa haijamwishia. Ana maisha matatu. Akisharuka hawezi kugeuka hewani. Akianguka kutoka juu mno hufa. Akiguswa na kiumbe chochote hufa. Hakuna mahali pa kuhifadhi alipofikia: anayekufa mara ya mwisho katika pango la 19 hurudi katika pango la kwanza.

Kwa maelezo hayo mtu angedhani kwamba mchezo huo ni ukatili mtupu. Sivyo. Viumbe wote wa Manic Miner hufuata njia zisizobadilika. Urefu wa mruko haubadiliki. Sakafu inayobomoka hubomoka kwa namna ileile kila mara. Hakuna bahati nasibu inayoweza kulaumiwa, kama vile ambavyo hakuna dadu katika mchezo wa bao. Mchezaji anayekufa anaweza kueleza kwa nini amekufa: aliruka mapema, au alichelewa, au hakuangalia. Kutokana na hali hiyo hujengeka baina ya mtunzi na mchezaji uhusiano ambao unastahili kuitwa amana. Mchezaji humwamini mtunzi kwamba njia ipo. Mtunzi naye, kwa kila pango linalopitika, huithibitisha imani hiyo. Ndiyo maana mchezaji hujifunza tabia moja ya msingi, nayo ni kujilaumu. Anaposhindwa, huyaangalia makosa yake mwenyewe kwanza.

Tabia hiyo, ndani ya mchezo ulio wa haki, ni fadhila. Ni ile subira inayovuta heri. Mwanafunzi wa arudhi anayefuta beti zake mara kumi kwa kuwa mizani haijatimia anatenda jambo lilelile, na hakuna anayemwonea huruma, maana kila mtu anajua kwamba mizani inaweza kutimia. Jambo la kuzingatia ni kwamba fadhila hiyo haisimami peke yake. Inasimama juu ya msingi ambao si mchezaji aliyeujenga: kwamba mtunzi kwa upande wake ametimiza wajibu wake. Msingi ukiondolewa, tabia ileile ya kujilaumu hubaki, lakini sasa inafanya kazi kinyume na mwenyewe.

Kosa la darini

Katika Jet Set Willy, mchimba madini ametajirika na kununua jumba kubwa. Amefanya karamu, nyumba imechafuka, na mtumishi wake wa kike, Maria, hamruhusu kwenda kulala mpaka kila kitu kiokotwe. Vipo vitu 83, vimetawanyika katika vyumba 60 hivi, na mchezaji anaweza kuzunguka jumbani atakavyo badala ya kufuata mfululizo mmoja. Kwa wakati wake huo ulikuwa upeo mpana mno. Mashine yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, nayo programu yote ilipakiwa kutoka kwenye kaseti.

Kimojawapo cha vyumba hivyo ni chumba cha darini. Humo hupita mshale. Njia ya mshale huo ilikosewa katika kuandikwa: badala ya kubaki katika sehemu ya kumbukumbu iliyotengewa picha za skrini, mshale ulivuka mpaka na kuandika juu ya data za sehemu nyingine za mchezo. Mchezaji hakuona kitu. Aliingia darini, akatoka, akaendelea na safari yake. Lakini tangu dakika hiyo nyumba ilikuwa imekwisha haribika. Viumbe wa chumba cha sala walitoweka. Vyumba vingine, ambavyo mchezaji huenda alivipita salama muda mfupi kabla, viligeuka kuwa mauti: kuingia tu ni kufa. Na kwa kuwa anayekufa hurudishwa pale alipoingilia chumbani, alikufa tena na tena mpaka maisha yake yote yakaisha bila yeye kugusa kitufe. Hata alipoanza upya, uharibifu ulikuwa bado umo katika kumbukumbu ya mashine. Palikuwa na makosa mengine pia, lakini hilo la darini ndilo lililopata sifa, kwa kuwa kwa sababu yake mchezo ulivyouzwa haukuweza kumalizika.

Kufikia hapo hakuna lawama kubwa. Kukosea ni sifa ya binadamu, na kijana anayetunga jumba zima kwa kilobaiti 48 ana udhuru wa kutosha. Lililofuata ndilo linaloleta swali la maadili. Kampuni iliyouza mchezo, baada ya wachezaji kulalamika, ilidai hapo awali kwamba halikuwa kosa hata kidogo, bali ni sehemu ya mchezo iliyokusudiwa kuufanya uwe mgumu zaidi: vyumba vile, ilisemekana, vimejaa gesi ya sumu. Baadaye dai hilo liliachwa, na zikatangazwa amri fupi ambazo mchezaji angeweza kuzichapa kabla ya kuanza ili kurekebisha kumbukumbu ya mashine, amri zijulikanazo kwa jina la POKE. Lakini kati ya dai na kuachwa kwake ulikuwapo muda ambao wachezaji waliambiwa, kwa kauli rasmi, kwamba kisichowezekana kinawezekana na kwamba upungufu uko kwao.

Kutega na kutoa mji

Mapokeo ya pwani yana namna ya kulipima tendo hilo. Utanzu wa kitendawili una taratibu ambazo kila mtoto anazijua. Anayetega husema neno la kufungulia. Hadhira humwitikia atege mtego wake mbele yao. Kisha wao hujaribu. Wakishindwa, huombwa mji. Wakimpa Mombasa au Lamu au Zanzibar, mtegaji huupokea, huenda akajisifu kidogo kwa safari yake ya huko, kisha hutoa jawabu. Wahakiki wengi wameyaeleza mambo haya kwa upande wa umbo na uamilifu wake. Kisichosisitizwa mara nyingi ni sharti la kimaadili lililomo ndani yake: mji hutolewa kwa malipo ya jawabu. Hadhira inakubali kushindwa, na kukubali kushindwa ni jambo zito, kwa sababu inaamini kwamba jawabu lipo na kwamba likitajwa litaonekana lilikuwa haki. Kicheko kinachofuata ni ushahidi wa uhalali wa jawabu.

Sasa achukuliwe mtegaji aliyesahau jawabu lake, au ambaye hakuwa nalo tangu mwanzo. Ana njia mbili. Anaweza kusema, "Nimekosea, huu haukuwa mtego," na aurudishe mji. Hapo atachekwa, lakini baraza litaendelea. Au anaweza kuushika mji na kusema kwamba jawabu ni la ndani mno kwa watu wa akili ndogo kama wao. Mtegaji wa pili hakukosea zaidi ya wa kwanza kwa upande wa ufundi. Kosa lao ni moja. Tofauti yao ni kwamba wa pili amekula mji wa watu bure, tena amewafanya waone haya kwa aibu isiyo yao. Kampuni iliyozungumza juu ya gesi ya sumu ilisimama katika nafasi ya mtegaji huyo wa pili.

Kanuni hiyo inahusu ushairi pia. Tangu enzi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga wamefumba na malenga wenzao wamefumbua. Fumbo ni gumu kwa kukusudiwa, na ugumu wake ni heshima kwa anayeandikiwa, kwani mtu hafumbi mbele ya asiyeweza kufumbua. Lakini fumbo ni fumbo kwa kuwa lina kifumbuliwa. Maneno yasiyo na kifumbuliwa, hata yakiwa na vina na mizani kamili, ni kelele iliyopangwa vizuri. Kwa hivyo, ugumu hauwezi kuwa sifa ya kazi ikiwa peke yake. Ugumu ni ahadi, na ahadi hupimwa kwa kutimizwa kwake.

Pingamizi la wahakiki

Mhakiki wa kisasa anaweza kuleta pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Atasema kwamba kipimo cha kusudi la mtunzi kilikwisha kutiliwa shaka tangu Wimsatt na Beardsley walipoandika juu ya jambo hilo mwaka 1946, na kwamba baada ya Roland Barthes kutangaza kifo cha mwandishi hakuna haja tena ya kuuliza kama mtunzi alikusudia au alikosea. Kazi ni ile iliyopo. Ikiwa vyumba vinaua, basi vinaua. Gesi ya sumu ni tafsiri mojawapo, na si mbaya kuliko nyingine. Pengine ni bora, kwa kuwa inaifanya nyumba ya tajiri mpya kuwa mahali ambapo anasa yenyewe ina sumu. Atakumbusha pia kwamba Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1971, na Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ziliwatatiza wasomaji wengi. Je, kama wasomaji hao wangeruhusiwa kusema "hili ni kosa" kila waliposhindwa, fasihi ya Kiswahili ingekuwa imepoteza nini?

Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake, nao ni kwamba kushindwa kwa msomaji si dalili tosha ya kosa la mtunzi. Neno mzingile lenyewe lina maana ya njia zinazozunguka na kumpoteza mtu, na anayeingia humo hawezi kulalamika kwamba amezungushwa. Hata hivyo, riwaya hizo hazikumficha msomaji hali yake. Kila ukurasa humwambia kwamba hapa mantiki ya kawaida haitoshi, na kila anayerudi kuzisoma hupata kitu ambacho hakukipata mara ya kwanza. Kurudi huko ndiko kipimo. Ugumu wa haki hulipa kila unaporudiwa, ingawa malipo huwa kidogo kidogo. Chumba kilichoharibiwa na mshale wa darini hakilipi chochote kwa anayekirudia. Mara ya mia ni sawa na mara ya kwanza.

Zaidi ya hayo, pingamizi linachanganya maswali mawili. Swali la maana ya kazi linaweza kujibiwa bila kumwuliza mtunzi. Swali la kauli ya muuzaji haliwezi. Aliyesema kwamba vyumba vimejaa gesi hakuwa akifasiri matini. Alikuwa akitoa habari, na habari ile ilikuwa ya uongo. Tafsiri hujiweka wazi kwa wote waijadili. Uongo hufunga mlango wa mjadala kwa kumfanya anayeuliza aonekane mzembe. Kumtoa mwandishi katika kazi hakumtoi mtu yeyote katika wajibu wa kusema kweli.

Mfano kutoka Changamwe kwenyewe waweza kusaidia. Mchongaji anayeanza kuchonga sanamu ya mwanamke akakuta ufa katika gogo ana hiari ya kuutupa mti au kuugeuza ufa kuwa kunjo la shuka. Akifaulu, hakuna atakayemlaumu, na mnunuzi hana haja ya kujua kwamba kunjo lilianza kama dosari. Kazi imesimama kwa miguu yake. Hiyo ndiyo haki ya msanii juu ya makosa yake. Lakini akichonga kigoda chenye mguu uliopasuka, mnunuzi akaanguka, kisha mchongaji akamwambia kwamba kigoda kile kimetengenezwa kupima utulivu wa mkaaji, jambo limebadilika. Katika hali ya kwanza kosa limegeuzwa kuwa kazi. Katika hali ya pili kosa limegeuzwa kuwa mzigo wa mtu mwingine. Uhakiki usioweza kuzitofautisha hali hizo mbili utakuwa umepoteza uwezo wa kuhakiki.

Anayerekebisha si mlaghai

Kuna upande wa pili wa suala hili, nao ni wa mchezaji. Zile amri za POKE zilitumika pia kwa njia nyingine: mtu angeweza kujipa maisha yasiyo na kikomo na kupita kila chumba bila hofu. Je, yule aliyerekebisha njia ya mshale na yule aliyejipa maisha elfu wametenda jambo moja? Kwa mtazamo wa mashine, ndiyo, maana wote wameingilia kumbukumbu kutoka nje ya mchezo. Kwa mtazamo wa maadili, hapana.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alifafanua kucheza kuwa ni kujaribu kwa hiari kushinda vizuizi visivyo vya lazima. Anayekwenda mbio za uwanjani angeweza kukata katikati akafika mapema, lakini amekubali kuzunguka, kwa kuwa kuzunguka ndiko kunakoufanya mchezo uwepo. Anayejipa maisha elfu ameacha kuzunguka. Ameyakataa masharti aliyokwisha kuyakubali. Anayerekebisha mshale ametenda kinyume chake. Ameyarudisha masharti yaliyoondolewa bila ridhaa yake, ili vizuizi viwe tena vizuizi vya kushindwa au kushinda. Naye Johan Huizinga, mwaka 1938, alitofautisha kati ya anayedanganya mchezoni na anayeuharibu mchezo wenyewe: wa kwanza bado hujifanya anaheshimu sheria, wa pili huivunja duara ambayo ndani yake sheria zina maana. Kwa kipimo hicho, mharibu mchezo katika kisa hiki alikuwa mshale, na baada ya mshale, wale waliosema kwamba mshale ndio mchezo.

Inafaa kukumbukwa kwamba kampuni ilikuwa imeahidi zawadi kwa atakayetangulia kuumaliza mchezo, na kwamba waliofaulu ni wachezaji waliotambua kwanza kuwa hauwezi kumalizika, wakautengeneza, ndipo wakaumaliza. Hapa pana somo ambalo methali za subira peke yake hazitoi. Mvumilivu hula mbivu, lakini wachezaji hao hawakufika kwa kuvumilia zaidi ya wenzao. Walifika kwa kuuliza swali ambalo tabia ya kujilaumu humzuia mtu kuliuliza: je, huu mti una matunda? Kuuliza hivyo si uvivu, kwa kuwa asiyejaribu kwa bidii hana msingi wa kuuliza. Aliyekufa mara mbili katika chumba kimoja hajui kitu. Aliyeruka vizuri mara mia na kuona kwamba kifo chake hakina uhusiano wowote na mruko wake ameanza kujua.

Sumu isiyo ya mfano

Mpaka hapa mjadala umehusu mchezo, na mchezo una kinga moja kubwa: mtu anaweza kuuzima. Aliyeko Changamwe hana budi kuuliza nini hutokea pale kinga hiyo inapokosekana. Jirani na mtaa huo, Mikindani, katika eneo ambalo kabla ya uchaguzi wa 2013 lilikuwa ndani ya jimbo la Changamwe na sasa ni la Jomvu, kipo kijiji cha Owino Uhuru. Kando ya nyumba zake kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, na risasi hiyo ikaingia katika udongo, maji na damu za watu, watoto wakiwamo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeanzisha kampeni baada ya mtoto wake mwenyewe kuathirika, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia wakazi ushindi wao.

Kuviweka kisa cha mchezo na kisa cha watu hawa pamoja kunahitaji tahadhari. Mchezaji aliyepoteza jioni yake si mzazi aliyepoteza afya ya mwanawe, na gesi ya kubuni haiwezi kusimama kando ya risasi iliyo ndani ya damu. Anayesema kwamba mambo haya mawili ni sawa anawadharau wa pili. Dai la makala haya ni dogo kuliko hilo. Ni kwamba tabia ya akili inayohusika ni moja, na kwamba mchezo unaiweka mahali panapoweza kuchunguzwa bila damu kumwagika. Sumu isiyoonekana humfanya aliyedhurika atafute sababu kwake mwenyewe: pengine ni chakula, pengine ni uchafu wa nyumba, pengine ni kudra. Kila anapojiuliza hivyo, aliye na majibu hupata nafasi ya kunyamaza. Mzigo wa kuthibitisha humwangukia yule asiye na vifaa vya kuthibitishia.

Hapo ndipo tofauti ya hiari inapokuwa na uzito wake wote. Mchezaji alikubali vizuizi. Ndiyo maana kumdanganya juu ya vizuizi hivyo ni kuvunja amana. Mkazi hakukubali kizuizi chochote. Kwake neno "mtihani" halina mahali pa kusimama hata kama hakuna aliyedanganya, kwa sababu hakuna kitendawili kilichotegwa wala mji ulioombwa. Subira inayohubiriwa kwa mtu wa namna hiyo haivuti heri. Inamvutia mwingine muda. Hili halimaanishi kwamba methali ya subira ni ya uongo. Linamaanisha kwamba ni methali yenye sharti, na kwamba jamii inayoirithi methali bila kulirithi sharti lake imerithi nusu tu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa kazi ya sanaa ni ahadi inayotolewa na mtunzi, kwamba ahadi hiyo huzaa amana, na kwamba amana huzaa katika mpokeaji tabia ya kujilaumu kwanza kabla ya kumlaumu mtunzi. Tabia hiyo ni njema ikiwa ahadi ni ya kweli. Kosa la kiufundi peke yake haliivunji amana, kwa kuwa anayekosea anaweza kukiri na kuurudisha mji. Kinachoivunja ni kuligeuza kosa kuwa mtihani, maana hapo fadhila ya mpokeaji hufanywa kuwa chombo cha kumfungia.

Mhakiki ana kazi mbili katika jambo hili, na kazi hizo huvutana. Ya kwanza ni kuitetea kazi ngumu dhidi ya msomaji asiyetaka kuinama. Ya pili ni kumtetea msomaji aliyeinama, akapapasa mvungu mzima, na kukuta hamna kitu. Taaluma imeizoea ya kwanza kiasi cha kuona kwamba ya pili ni ya watu wasiosoma. Jumba la Willy linakumbusha kwamba sivyo. Waliolifahamu kuliko wote, waliohesabu kila hatua ya kila kiumbe na kukijua kila chumba chake, ndio waliosema kwanza kwamba halikamiliki. Na waliosema kwamba linakamilika walikuwa wale walioliuza.